Usinimalizie Neno

Ukipita barabara ya Musonoi asubuhi, kabla vumbi la malori halijapanda, utamkuta Ndaya nyuma ya karai lake la mafuta, anakaanga vitumbula. Wachimbaji wanaokwenda mashimoni wamepanga mstari mbele yake, koleo begani, mifuko mitupu kwapani. Ni mstari wa adabu, na usicheke, maana adabu ile imetafutwa kwa jasho. Pale kuna sheria moja tu. Ndaya akianza neno, unangoja. Likimkwama, unangoja. Ukijifanya mwema ukalimalizia kwa niaba yake, unarudi nyuma ya mstari, hata kama ulikuwa umeshanyoosha mkono upokee.

"Mais mama, mi nilikuwa nakusaidia!" analalamika aliyerudishwa.

"N-n-nyuma," anasema Ndaya, na kijiko chake kirefu kinamwonyesha njia.

Samy, mchimbaji mwenye mdomo mrefu kuliko wote, amerudishwa nyuma mara nyingi hata siku nyingine anafika shimoni wenzake wameshashuka. Anakasirika, anaapa hatarudi, na kesho yake yupo. Vitumbula vya Ndaya ni vitamu, afanye nini?

Sasa wako watu, nawajua kwa majina, wanaosema yule mama ana kiburi. Kiburi! Mtu amenyang'anywa maneno yake mdomoni tangu utotoni, leo anayalinda, nyinyi mnaita kiburi. Ngojeni niwaeleze sheria ile ilitoka wapi, halafu mseme tena.

Ndaya ni mtoto wa Kapata, wa zile nyumba za kambi zilizopangwa mistari mistari, zilizojengewa wafanyakazi wa kampani. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Baba yake akarithi kazi na nyumba, akafa, na nyumba ikabaki na mama yake, Mama Tshilombo. Ndaya alichelewa kusema, na alipoanza, maneno yalitoka kwa kukwama. Upande wa baba hawakutafuta sababu mbali. Walisema Mama Tshilombo alimnyoa mtoto nywele kabla hajatamka neno la kwanza, ndiyo maana ulimi umefungika. Kila msiba, kila arusi, shangazi mmoja hakukosekana wa kumkumbusha: "Ile wembe yako, Tshilombo. Ile wembe!" Yule mama aliyameza maneno hayo miaka na miaka, yakamkaa tumboni kama bukari mbichi, ugali usioiva.

Ndiyo maana alimtafutia mwanawe dawa popote. Ndaya akiwa bado mdogo, meno ya mbele hayajaota upya, alifungiwa katika chumba cha maombi. Hakupewa chakula wala maji. Watu wazima walimshika taya, wakammiminia mafuta mdomoni, wakampigia kelele sikioni: "Toka! Toka!" Mtoto akamtafuta huyo shetani ndani yake, amtoe haraka apate kwenda kula, lakini hakumwona. Mwishowe akagundua jambo: akinyamaza, wanatulia. Akanyamaza. Wakapiga makofi, wakasema amepona, wakampa uji. Alikaa kimya mpaka mvua zikaja, zikaisha. Nyumbani walifurahi, wakasema mtoto ametulia. Hakuna aliyemuuliza ametulia vipi.

Alipokua akajifundisha ujanja. Neno likiwa gumu alilikwepa, akachukua jingine la karibu. Badala ya "kesho" alisema "siku yenye inakuya". Alipigapiga kidole cha mguu chini ili neno lipate mwendo. Simu ikilia alimpa jirani aipokee. Na jina lake mwenyewe alilitupa kabisa. Ndaya lilimkwama kooni, kwa hiyo watu wakimuuliza anaitwa nani, alisema Fifi, maana Fifi lilitoka tu kama upepo wa tairi. Nusu ya Musonoi ilimjua kwa jina ambalo si lake. Nusu nyingine ilimwita Mama Kiki, kwa sababu, walisema vijana wa pikipiki, huyu hawaki mpaka umpige kiki nyingi. Akicheka nao, walidhani anafurahi.

Eh, ule woga! Watu wanafikiri kigugumizi ni kazi ya ulimi. Kazi kubwa iko tumboni, kabla mdomo haujafunguka. Ndaya akimwona tu mteja mgeni anavuka barabara kuja kwake, makwapa yameshalowa, koo limeshakauka, na kichwani ameshasema ile sentensi na kuiharibu kabla mtu hajafika.

Kiangazi cha mwaka jana ndipo yalipotokea mambo ya kanisani.

Kanisa la Pasta Mulumba ni turubai kubwa juu ya nguzo, na nyuma yake chumba cha matofali ya udongo cha kuombea. Pasta Mulumba si mtu mbaya, nisimsingizie. Anatembelea wagonjwa, na maskini akifa analibeba jeneza kwa bega lake. Ila muujiza anaupenda kupita kiasi. Jumapili ile alitaka zaburi isomwe na kanisa zima kwa sauti moja. Akawa anatembea kati ya viti na mikro yake, kile kipaza sauti, anamwekea huyu, anamwekea yule. Akafika kwa Ndaya, akamwekea mdomoni, akasahau kuiondoa. Sauti ya Ndaya ikatoka kwenye spika, nyororo, haikwami popote, mpaka mwisho wa zaburi.

Kisha Pasta akapiga ukelele: "Kigugumizi iko wapi? Mi nauliza, iko wapi?"

Turubai lilitaka kuruka. Ngoma, vigelegele, watu juu ya viti! Mama Tshilombo akaanguka magoti kwenye vumbi, analia, anapiga kifua: "Haikukuwa wembe! Haikukuwa wembe!"

Sasa ukweli ni huu. Ndaya hakuwa amepona kitu. Tangu shule ya msingi, darasa likitaja hesabu kwa pamoja, ulimi wake ulitembea vizuri katikati ya sauti za wenzake. Ni akibaki peke yake ndipo maneno yalipokwama. Iko hivyo, hata yeye hajui kwa nini. Alitaka kusema palepale. Akamwangalia mama yake pale chini, akaona uso ambao hajawahi kuuona tangu azaliwe, uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. Akafunga mdomo. Na Pasta akatangaza kwamba Jumapili inayofuata dada Ndaya atasimama mbele ya wote atoe ushuhuda wa kuponywa.

Jumatatu, nyuma ya karai, Ndaya alikuwa Ndaya yuleyule. "K-k-karibu," alimwambia Samy.

Samy akacheka mpaka koleo likamwanguka. "Ee Mama Kiki! Muujiza ilibakia ku kanisa?"

Mama Tshilombo alikuwa amekuja kusaidia. Akamvuta binti yake pembeni. "Nyamaza, mwana wangu. Ukisema vile unaita bugonjwa irudie. Mi njo nitasema pa fasi yako mpaka Dimanche."

Basi wiki ile, mpaka Jumapili, mama akauza, Ndaya akakaanga. Umeuona mtego? Mwenye kigugumizi anaweza kukwama, akaendelea. Aliyeponywa hana ruhusa ya kukwama hata mara moja. Akikwama, hana imani, ama shetani amerudi na ndugu zake. Akishasimama Jumapili akasema amepona, ni kunyamaza mpaka kaburini, kila mtu akimsemea. Ndaya aliyafikiria maisha yale, akaona ni chumba kilekile cha utotoni, ila safari hii anaufunga mlango mwenyewe. Hasira zikamjaa mpaka akaunguza vitumbula karai zima.

Lakini alikuwa tayari kunyamaza kwa ajili ya mama yake. Sidanganyi mtu. Alikuwa tayari.

Ijumaa akaja Florentine, jirani yao anayeuza makaa, amemshika mkono binti yake Gloire. Mtoto yule naye alikuwa ameanza kukwama katika maneno, na shuleni walikuwa wameshaanza kumwiga.

"Yaya Ndaya," alisema Florentine, akimwita kama dada mkubwa, "Pasta aliniambia Gloire aingie mu chumba ya maombi, afunge, asikule, asikunywe, mpaka ile roho itoke. Mi nilikataa, nilikuwa naogopa. Lakini sasa vile weye umepona, mi nani nikatae? Kesho anaingia. Dimanche atatoka mbele ya bantu pamoja na weye. Niambie tu, ni kweli umepona?"

Ndaya alifungua mdomo. Neno alilolitaka lilikuwa fupi kabisa, hapana, nalo likasimama kooni, halitoki wala halirudi. Macho yakajaa maji.

"Ni kweli," alisema Mama Tshilombo. "Angalia vile analia na furaha."

Florentine akamshukuru Mungu, akaondoka na mtoto. Ile hapana ilitoka wameshakata kona, ikasikiwa na karai.

Jumamosi Ndaya akaenda kwa Florentine, akakuta mlango umefungwa. Akakimbia hadi kanisani. Mama wawili wa maombi wakamzuia nje ya kile chumba cha udongo, wanamtabasamia. "Kesho, dada, kesho! Maneno yako uichunge ya ushuhuda." Na kutoka ndani, kupitia tundu za matofali, akasikia sauti za watu wazima: "Toka! Toka!" Sauti ya mtoto hakuisikia hata kidogo. Gloire alikuwa ameshagundua lile alilogundua yeye.

Miguu ilimtetemeka njia nzima ya kurudi. Alishauvumilia woga huo maisha yake yote, akiubembeleza, akiupitia kando, akiutafutia maneno mepesi. Siku ile aliuchoka. Akauambia, sawa, tetemeka utakavyo, kesho tunakwenda wote.

Asubuhi alikaanga mapema, akajaza ndoo ndogo, akaifunika kwa kitambaa.

"Bitumbula ya nini ku kanisa?" aliuliza Mama Tshilombo. Alikuwa amevaa pagne mpya ya kitenge aliyoishonesha kwa ajili ya siku ile, na upande wa baba wote walikuwa wamealikwa, pamoja na yule shangazi wa wembe. Ndaya akampangusa mama yake unga uliokuwa begani.

Turubai lilijaa mpaka watu wakasimama nje. Pasta alipomwita, Ndaya alienda mbele na ndoo yake, akaiweka chini miguuni, akapokea mikro. Aliviona vidole vyake vikichezacheza kwenye ile mikro, akaviacha vicheze.

"B-b-bwana asifiwe."

"Amina," walijibu watu, lakini Amina ile ilikuwa na ulizo ndani.

"Kwa majina, mi n-naitwa..." Hapo angesema Fifi, lingetoka. Lilikuwepo pale, jepesi, linamngoja. Hakulichukua. "N..." Koo likafunga. "N..." Watoto wakaanza kucheka, mama mmoja akawafinya. Shangazi wa wembe akamgeukia Mama Tshilombo na jicho lile lile la zamani.

Pasta Mulumba ni mtu wa haraka. "Roho inamugusa!" alipaza sauti. "Kanisa, tuseme na yeye pamoja! Shiye bote, kwa sauti moya: Mi naitwa Ndaya, Bwana aliniponesha!"

Watu wote wakavuta pumzi.

Hapa nisikilize vizuri. Wangesema pamoja naye, ulimi wake ungetembea bila shida. Muujiza wa pili ulikuwa umeshaiva, na mama yake angeinua kichwa mbele ya ukoo mzima. Ndaya alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale ndani. Akanyanyua mkono, kiganja mbele, kama polisi anayesimamisha malori.

"Ha-ha-hapana! Mi p-peke yangu!"

Kanisa likaishia na pumzi kifuani.

"N-n-n..." Hakupiga kidole cha mguu. Hakufumba macho. Aliwaangalia usoni, mmoja mmoja, akaliacha neno lichukue muda wake. "N-n-Ndaya. Naitwa Ndaya. S-s-sikupona."

Mpiga kinanda akaanza kupiga wimbo wa kufunika aibu. Ndaya akamgeukia, akamwangalia, akangoja. Yule kijana akapiga kidogo, akapiga kidogo tena, akatoa mikono. Ndaya akaendelea.

"Sikupona ju s-sikukuwa mugonjwa. Mi njo vile n-nasemaka. Nikisoma na bantu b-bengi, haikwamake. Tangu ku masomo. Ile haiko m-muujiza."

Mtu wa mitambo akapewa ishara, mikro ikakatika. Walikosea. Ili umsikie mwenye kigugumizi bila mikro, sharti unyamaze kabisa, na wote walitaka kusikia. Hata wale wa nje wakasogea. Ndaya akaiweka mikro juu ya kiti.

"Na m-mama yangu hakukosa kitu. Munasikia? Mumemutesa miaka yote. W-w-wembe inanyoaka nywele. Haikatake m-maneno."

Shangazi akaanza kutafuta kitu katika mkoba wake. Mama Tshilombo alikuwa amejifunika uso kwa pagne mpya, mabega yanatikisika, na hakuna aliyeweza kujua kama ni uchungu ama ni kitu kingine.

"Florentine," alisema Ndaya. Lile jina lilitoka vipande vipande, akalikusanya lote. "Mi nililalaka mu ch-chumba sawa ile. Nilikuwa k-kadogo sawa Gloire. Mule hamuna sh-shetani. Muko n-n-njaa."

Pasta Mulumba akamsogelea, hana tena sauti ya spika. Alikuwa na huzuni ya kweli. "Dada, unavunja imani ya bantu."

"I-i-ivunjike," alisema Ndaya. "Mutoto akule."

Florentine alishasimama. Aliwapita wale mama wa maombi kama mtu anayepita kwenye majani, hawakuthubutu kumshika. Tulisikia komeo. Akatoka amembeba Gloire mgongoni, mtoto mkubwa vile, midomo imekauka mpaka imepasuka, kifua kinang'aa mafuta. Hakurudi ndani ya turubai. Alipita moja kwa moja nje, na Ndaya akaichukua ndoo yake akamfuata, na nusu ya kanisa ikawafuata wao, nyingine ikabaki na Pasta haijui iimbe ama iende nyumbani.

Wakakaa kando ya barabara, juu ya tairi kuukuu. Maji kwanza, kidogo kidogo. Halafu Ndaya akafunua kitambaa. Gloire alikula kitumbula cha kwanza bila kutafuna, cha pili akakitafuna. Watu walikuwa wamewazunguka, kila mmoja ana la kusema, hakuna aliyesema.

Mama Tshilombo akafika wa mwisho. Magoti ya pagne yake yalikuwa yamejaa vumbi na uso umelowa. Watu wakampisha. Ndaya alimwona akaogopa, maana kanisa zima halikumtisha kama mama mmoja yule. Akangoja atukanwe. Mama Tshilombo alikaa chini kwenye udongo, na pagne yake mpya, upande wa pili wa ndoo.

Gloire akaitazama ndoo. Tangu Jumamosi hakuwa ametoa sauti.

"K-k-k..."

Florentine akafungua mdomo amsaidie. Mama Tshilombo alikuwa wa haraka zaidi, ni mazoea ya maisha yote: "Anataka ki..."

"Mama," alisema Ndaya, na neno hilo halikukwama. "Ngoja."

Mama Tshilombo akafunga mdomo. Alimwangalia binti yake, akamwangalia yule mtoto, akauziba mdomo wake kwa kiganja. Lori la mawe likapita, vumbi likatufunika wote, likatua. Hakuna aliyeondoka.

"K-k-k-kingine," alisema Gloire.

Mama Tshilombo akatia mkono kwenye ndoo, akachagua kikubwa kuliko vyote, akampa.